Kibali cha Kilimanjaro: hesabu siku kwanza, bei baadaye

Wanaopanga kupanda Kilimanjaro huanza na swali moja: kibali ni bei gani? Swali lenyewe ndilo linalozaa mkanganyiko, kwa sababu hakuna karatasi moja yenye bei moja iitwayo kibali cha Kilimanjaro. Kinachoitwa kibali ni ada kadhaa zilizojumlishwa pamoja na kufungwa kwenye majina ya watu, njia ya kupandia, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka. Gusa kimoja tu kati ya hivyo, hesabu yote inasogea. Ndiyo maana watu wawili waliopanda wiki moja wanaweza kutaja bei mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi, na wote wawili wakawa wakweli.

Anayesimamia mlima ni KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyo chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Makao yake yako geti la Marangu. Ada zenyewe hupangwa na TANAPA kwa mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo safari ya Agosti iliyopigiwa hesabu mwezi Machi ihakikiwe upya kabla ya kulipa.

Tufanye hesabu moja hadi mwisho. Mpandaji ni mtu mzima, si raia wa Afrika Mashariki, anapita njia ya Machame kwa siku saba. Kwa viwango vya miaka hii ya karibuni, ada ya uhifadhi ni dola 70 kwa siku, mara saba ni 490. Kambi ni dola 50 kwa usiku, na siku saba zina usiku sita, hivyo 300. Ada ya uokoaji ni dola 20, inalipwa mara moja kwa safari nzima. Jumla 810. Sasa weka VAT ya asilimia 18, ambayo ni dola 145.80. Umefika 955.80, na bado hujanunua hata kilo ya mchele. Juu yake kuna dola 2 kwa kila mtu wa timu, mwongozaji, mpishi na wapagazi, mara moja kwa safari, nayo ina VAT yake.

Hapo kuna makosa mawili yanayojirudia kila msimu. La kwanza ni kuhesabu siku na usiku sawasawa, ukalipa kambi ya saba ambayo hutalala, au ukakata siku ya mwisho ukidhani kushuka hakulipiwi. Siku ya kushuka inalipiwa ada ya uhifadhi. Kisicholipiwa ni usiku wake. La pili ni kusahau VAT. Orodha nyingi za ada zinazozunguka mitandaoni zimeandikwa kabla ya kodi, na kwa Machame ya siku saba tofauti ni karibu dola 146 kwa mtu mmoja. Familia ya watu wanne ikikosea hapo imepungukiwa zaidi ya dola 580.

Ukiijua hesabu hii, una kipimo cha kupimia bei ya kampuni. Ukitajiwa dola 1,200 kwa siku saba za Machame, toa 955.80, zinabaki kama 244. Humo ndimo vitoke usafiri wa kwenda getini na kurudi kutoka Mweka unakoshukia, chakula cha wiki nzima, gesi, mahema, na mishahara ya mwongozaji, mpishi na wapagazi. Hazitoshi. Ada ya hifadhi haipunguziki, kwa hiyo pengo linajazwa na mtu, na mtu huyo ni mpagazi anayelala kwenye hema bovu na kula mlo mmoja kwa siku. Wapagazi wanajiita wagumu, na wagumu ni kweli, lakini ugumu wao si sababu ya kuwapunja. Bei ya namna hiyo ikataeni.

Uraia sasa. Kuna makundi matatu. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wanalipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana kikilinganishwa na mgeni. Mgeni anayeishi nchini kwa kibali cha ukaazi ana kiwango chake cha kati. Wengine wote wanalipa kwa dola. Kinachoamua ni hati unayoonyesha getini, wala si ulikozaliwa au lugha unayozungumza. Hapa ndipo ndugu zetu walio ughaibuni hukwama. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, hivyo aliyechukua pasipoti ya Marekani au Uingereza anahesabiwa mgeni hata kama nyumba ya baba yake iko Kibosho na geti la Umbwe analiona kutoka uani. Mkenya mwenye uraia wa nchi mbili ana nafuu: abebe pasipoti ya Kenya au kitambulisho cha taifa, na jina lake liandikwe kwenye maombi kwa hati hiyohiyo tangu mwanzo. Ukiombewa kama Mkanada halafu getini ukatoa kitambulisho cha Kenya, kundi zima litasubiri nyaraka zitengenezwe upya, na kwenye mlima huu asubuhi ikipotea inalipwa kwa kutembea gizani.

Bebeni hati halisi. Picha ya pasipoti kwenye simu ni ya akiba tu.

Watoto wa miaka 5 hadi 15 wa kundi la wageni wana ada ndogo, dola 20 kwa siku na 10 kwa kambi, na walio chini ya miaka mitano hawalipi. Ila ada ndogo si ruhusa ya kufika popote. Mtoto wa chini ya miaka kumi haruhusiwi kupita usawa wa mita 3,700 hivi, yaani kambi ya Horombo kwenye njia ya Marangu. Wazazi wanaotaka kuwaonjesha watoto mlima wachukue safari ya siku moja kutoka geti la Marangu hadi vibanda vya Mandara, kwenye mita 2,720, wakiwa na nguvu waongeze kreta ya Maundi iliyo jirani. Hiyo inalipiwa ada ya uhifadhi bila ada ya malazi, na msitu wa pale una mbega weupe kwa weusi ambao mtoto hatawasahau.

Nirudi kwenye siku, maana hapo ndipo palipo na uzito wa jambo lote. Ada inahesabiwa kwa siku, kwa hiyo kishawishi cha kupunguza siku ni kikubwa. Marangu ya siku tano inaonekana ya bei nafuu kwa karatasi: 350 za uhifadhi, usiku minne wa vibanda kwa dola 60 ni 240, uokoaji 20, jumla 610, na VAT inafika 719.80. Ya siku sita inafika 873.20. Mtu anatazama tofauti ya dola 153.40 anaona kapata. Sasa tazama urefu wa malazi: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Unapanda mita elfu moja kila usiku. Ushauri wa kawaida wa kitabibu ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 300 hadi 500 kwa siku. Siku tano za Marangu zinavunja ushauri huo mara mbili mfululizo, halafu usiku wa manane unaondoka Kibo kwenda mita 5,895. Kichwa kinauma, chakula hakipiti, na mwongozaji mwenye akili anakugeuza Gilman's, ukingoni mwa kreta kwenye mita 5,685, au hata kabla. Umeokoa dola 153 ukapoteza safari nzima.

Siku hiyo ya sita hutumika kulala Horombo usiku wa pili: unapanda mchana hadi upande wa kilele cha Mawenzi, unarudi kulala palepale. Isipoandikwa kwenye kibali tangu mwanzo, msitegemee kuiombea huko juu. Kitanda cha Horombo kinakuwa na mtu mwingine, na tarehe yenu ya kutoka imeshaandikwa. Kwa njia za mahema siku ya nyongeza ni dola 120 kabla ya VAT, 141.60 pamoja nayo. Machame ya siku sita inawatoa watu kambi ya Barranco hadi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, kwa siku moja; ya siku saba inawalaza kambi ya Karanga katikati, na wanafika Barafu mchana wakiwa na muda wa kulala kabla ya kuamshwa usiku. Mwenye fedha ya siku moja zaidi asiitumie kwa hoteli ya Moshi. Ainunulie usiku mlimani. Njia ya Lemosho ya siku nane, kwa hesabu ileile, ni dola 1,097.40, na mzunguko wa kaskazini wa siku tisa ni 1,239. Ukipunguza chochote kwenye bajeti, anza na kukodi nguo badala ya kununua. Siku ziache zilivyo.

Na kinyume chake: ada iliyolipwa haisubiri. Ukiugua siku ya tatu ukashushwa, msihesabu kwamba siku zilizobaki zitarudishwa. Bima isome kabla ya kulipa chochote, maana nyingi zinaishia mita 4,000 au 5,000. Tafuteni inayotaja wazi kutembea hadi mita 6,000 pamoja na usafiri wa helikopta. Zile dola 20 za uokoaji zinahusu kushushwa kwa miguu, na machela ya tairi moja mtakayoiona imeegeshwa kambini ndiyo chombo chenyewe. Helikopta ni gharama nyingine kabisa.

Njia nazo zina sheria zake. Marangu ndiyo pekee inayopandwa na kushukwa palepale, na anayeipanda analala kwenye vibanda, hema haliruhusiwi. Kwa hiyo kikwazo chake ni vitanda. Vikijaa vimejaa, hata kama una fedha mkononi. Wiki za Krismasi na mwaka mpya ni ngumu, na ngumu zaidi kwa Watanzania ni wiki ya 9 Desemba, makundi ya kuadhimisha Uhuru yanapopanda. Kwa tarehe hizo lipieni miezi kadhaa mapema au hamieni njia ya Rongai. Machame, Umbwe na Lemosho ni za kupandia tu, mteremko wake ni Mweka. Mweka ni ya kushukia tu, hivyo anayeuliza kama anaweza kupandia Mweka kwa kuwa ni fupi, jibu ni hapana. Rongai inapandwa kutoka kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya, na inashukia Marangu.

Geti la kujiandikisha si lazima liwe mahali mnapoanzia kutembea, na hili huwachanganya hata wenyeji. Wa Lemosho wanajiandikisha Londorossi, kisha wanapanda gari tena hadi mwanzo wa njia. Makundi ya Rongai mara nyingi hupitia kwanza geti la Marangu kumaliza karatasi, ndipo yanazunguka mlima kwa barabara. Kutoka Moshi, Machame ni mwendo wa chini ya saa moja. Londorossi na Rongai ni saa kadhaa. Mkipanga kuondoka hotelini saa tatu asubuhi kwa Rongai, mtaanza kutembea alasiri.

Nani anaomba kibali? Si wewe binafsi. Kila mpandaji, awe Mtanzania au mgeni, lazima aambatane na mwongozaji anayetambuliwa na hifadhi. Utaratibu huu ni wa tangu mwaka 1991. Mgeni anapitia kampuni yenye leseni ya utalii, ile ya TALA. Kampuni inaingiza majina, njia na tarehe kwenye mfumo, inapata kumbukumbu namba ya malipo, yaani kontroo namba yenye tarakimu 12, na kulipia benki au kwa simu kama bili nyingine za serikali. Fedha taslimu haipokelewi getini. Mtu anayekuambia umletee dola mkononi asubuhi ya safari "atalipia getini" hajakulipia, na pengine hana leseni.

Siku chache kabla ya kupanda, omba nakala ya malipo na orodha ya majina. Kampuni safi haikasiriki. Soma jina lako herufi kwa herufi ukilinganisha na pasipoti, namba ya pasipoti, uraia, njia, tarehe ya kuingia na ya kutoka. Kisha tazama jina la kampuni. Kama uliyemlipa ni mmoja na aliyeandikwa ni mwingine, umeuzwa: wapo mawakala wasio na leseni wanaokusanya wateja na kuwapeleka chini ya leseni ya wenzao. Mlimani utapanda, lakini likitokea tatizo hujui nani anawajibika, mapato yamegawanywa mara mbili, na anayebaki na mfupa ni yuleyule mpagazi. Hesabu pia siku zilizoandikwa. Ulilipia saba, karatasi inasema sita: hilo limewahi kutokea kwa watu wengi, na ukiligundua ukiwa Karanga halirekebishiki.

Getini kwenyewe fikeni mapema, saa tatu asubuhi au kabla, hasa Januari, Februari na kuanzia Juni hadi Oktoba. Mpandaji anasaini kitabu: jina, umri, uraia, namba ya pasipoti. Kitabu kama hicho kinakusubiri kila kambi, na msikiruke hata mkiwa mmechoka, maana ukipotea ndicho kinachoonyesha ulionekana wapi mara ya mwisho. Mizigo ndiyo inayochelewesha. Mpagazi hapaswi kubeba zaidi ya kilo 20, na kila mzigo unawekwa kwenye mizani. Ukija na begi la kilo 22 wakati kampuni ilikuambia 15, litafunguliwa mbele za watu, ama vitu vibaki, ama aongezwe mpagazi kutoka kwa wanaosubiri kazi pale nje. Wa nyongeza lazima aandikwe, alipiwe, apate chakula na mahali pa kulala. Usiombe "kwa leo tu" mtu abebe zaidi. Mizani ile iliwekwa kwa sababu watu waliumia migongo.

Wakikagua mizigo watatoa pia chupa za maji za kutupa. Haziruhusiwi hifadhini, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu 1 Juni 2019. Njooni na chupa ngumu au mfuko wa maji wenye mrija, jumla lita tatu kwa mtu. Usiku wa kileleni mrija huganda, hivyo chupa moja ya mdomo mpana iwepo, ikiwekwa kichwa chini ndani ya begi. Kuni na moto wa wazi ni marufuku. Mwenye kukumbuka moto wa Oktoba 2020 uliounguza uoto kati ya Mandara na Horombo hahitaji kuelezwa kwa nini. Taka zinashushwa na kupimwa.

Yapo mambo ambayo kibali cha kawaida hakiyabebi. Droni inahitaji ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, na ya TANAPA pia, na haya hayamalizwi kwa wiki moja. Kama hamkuanza mapema iacheni nyumbani, kwa sababu getini itashikiliwa. Kulala ndani ya kreta kwenye mita 5,700 hivi kunaombewa peke yake. Njia ya Western Breach nayo ina ruhusa yake: ilifungwa baada ya mawe kuporomoka Januari 2006 na kuua wapandaji watatu, ikafunguliwa baadaye kwa mkondo uliorekebishwa. Huko watu huondoka usiku ili wapite kabla jua halijayeyusha barafu inayoshikilia mawe. Mtu akikupa Western Breach kama nyongeza ya bure kwenye safari ya siku sita, tafuta kampuni nyingine.

Wengine hupanda Meru kwanza kuuzoesha mwili. Ni wazo zuri sana, mita 4,566 zinafundisha mengi, lakini Meru iko Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ada zake ni zake, geti ni Momella, malazi ni vibanda vya Miriakamba na Saddle, na unaongozana na askari mwenye silaha kwa sababu ya nyati. Kibali cha Kilimanjaro hakina kazi pale hata kidogo.

Mkishuka, safari haijaisha mpaka msaini kutoka, Mweka au Marangu. Hapo ndipo cheti hutolewa, kikiandikwa ulikofika: Gilman's, Stella kwenye mita 5,756, au Uhuru, kilele chenyewe. Mwongozaji ndiye anayethibitisha mbele ya askari wa hifadhi, kwa hiyo awepo nanyi dirishani, asitangulie kwenye gari. Angalieni tahajia ya jina kabla cheti hakijagongwa muhuri, na bahasha za bakshishi wapeni wagumu mkononi, kila mmoja yake, wakiwa wote wamesimama pale.